Urithi wa Sifa katika Hifadhidata: Mfano wa Kibera na Kawangware

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu ya kompyuta inavyohifadhi vitu vinavyorithiana sifa. Dhana yenyewe si ngeni kwa mwanafasihi: utendi ni shairi, hurithi sifa za shairi kisha huongeza zake. Tatizo ni kwamba hifadhidata haijui uzazi. Inajua majedwali tu, yenye mistari na safu.

Mwaka 2009, kupitia mradi wa Map Kibera, vijana wa Kibera walianza kuchora ramani ya mtaa wao, uliokuwa kama pengo katika ramani nyingi. Tuchukulie kwamba nasi twataka kuorodhesha vituo vya huduma vya Kibera na Kawangware. "Kituo" ndiye mzazi, mwenye jina na mahali. Wanawe ni shule, zahanati, kanisa na kibanda cha maji. Shule huongeza idadi ya wanafunzi. Kibanda huongeza bei ya mtungi.

Martin Fowler, mtaalamu wa uundaji wa programu, alibainisha njia tatu katika kitabu chake cha mwaka 2002. Ya kwanza ni kuviweka vituo vyote katika jedwali moja lenye safu inayotaja aina. Kusoma ni rahisi, lakini mstari wa shule hubaki na nafasi tupu ya bei ya maji. Ya pili ni kumpa mzazi jedwali lake na kila mwana lake, kisha kuyaunganisha kwa namba. Nafasi tupu hutoweka, ila maswali mengi hudai majedwali yaunganishwe. Ya tatu ni kumpa kila mwana jedwali kamili, lenye sifa za mzazi pia. Hapo, anayetafuta vituo vyote vya Kawangware hana budi kupekua majedwali yote.

Hata hivyo, kwa kawaida njia zote tatu huchukulia kuwa kila kitu kina aina moja. Katika mitaa hii, jengo lililo kanisa Jumapili laweza kuwa shule Jumatatu. Likiandikwa "kanisa" pekee, shule hutoweka, na wanafunzi wake hawahesabiwi misaada inapopangwa. Suluhisho ni kutenganisha jengo na huduma. Jengo huandikwa mara moja. Huduma zake, ziwe mbili au tatu, huandikwa katika jedwali jingine, kila moja ikitaja namba ya jengo. Urithi ubaki kwa huduma.

Hivyo basi, kabla ya kuchagua jedwali, mbunifu hana budi kuwauliza wenyeji: jengo hili mnalitumia kwa mambo gani?