Tezi Mlinzi na Mustakabali wa Mgonjwa wa Melanoma

Kidonda cheusi chini ya unyayo huonekana jambo dogo. Mkazi wa Ilomba, jijini Mbeya, aweza kudhani amechomwa na mwiba au amechubuliwa na kiatu, akakipaka dawa na kuendelea na shughuli zake. Lakini kidonda au doa jeusi lisilopona, au linalozidi kutanuka, laweza kuwa melanoma, yaani saratani inayoanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, saratani hii aghalabu haioti mahali panapopigwa na jua. Huota kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo ni wachache wanaopachunguza.

Hatari ya melanoma ni kusafiri kwake. Chembe zake huingia katika mishipa myembamba ya limfu na kufuata mkondo hadi kwenye tezi. Kwa kawaida limfu ya unyayo huelekea kinenani, na ya kiganja huelekea kwapani. Tezi ya kwanza kupokea limfu kutoka kwenye uvimbe huitwa tezi mlinzi. Mwaka 1992, Donald Morton na wenzake nchini Marekani walieleza njia ya kuitafuta: rangi ya buluu huchomwa kwa sindano kando ya uvimbe, daktari wa upasuaji huifuata, kisha huitoa tezi iliyopata rangi ili ichunguzwe kwa hadubini. Siku hizi dawa yenye mnururisho hafifu hutumika pamoja na rangi hiyo.

Jibu la kipimo hiki hueleza mengi kuhusu mustakabali wa mgonjwa. Katika utafiti wa kimataifa uliotoa matokeo yake ya mwisho mwaka 2014, wagonjwa wenye uvimbe wa unene wa milimita 1.2 hadi 3.5 walifuatiliwa kwa miaka 10. Miongoni mwa wale ambao tezi mlinzi ilikuwa safi, takriban 85 katika kila 100 hawakufa kwa melanoma. Miongoni mwa waliokutwa na saratani kwenye tezi, takriban 62. Takwimu hizi ni za kundi, tena la wagonjwa ambao wengi wao walikuwa weupe. Hazimpangii mtu mmoja siku zake. Hata hivyo zaonyesha kwamba tezi yenye saratani si hukumu ya kifo.

Kutoa tezi zote zilizobaki nako si lazima kwa kila mgonjwa. Utafiti mwingine, wa mwaka 2017, ulionyesha kuwa upasuaji huo haukurefusha maisha kuliko kufuatilia tezi kwa picha za mawimbi ya sauti, bali uliwaachia uvimbe wa mguu au mkono wagonjwa 24 katika kila 100, ikilinganishwa na 6 waliofuatiliwa tu.

Kwa mhudumu wa zahanati, kazi huanza kwa mkono na macho. Mgonjwa avue viatu. Nyayo na kucha zitazamwe, na kinena kipapaswe. Tezi ikiwa tayari imevimba, hatua ifaayo ni kuichoma sindano nyembamba na kupima chembe zake, kwa kuwa hata kidonda cha kawaida au kifua kikuu huweza kuvimbisha mitoki. Kinyama kinachokatwa kwenye kidonda kihifadhiwe katika fomalini na kupelekwa maabara, kisitupwe. Ni unene wa uvimbe utakaoonyesha kama tezi mlinzi inahitaji kutafutwa. Rufaa ielekezwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na ikibidi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Mgonjwa naye asikichome wala kukichanja kidonda cha namna hiyo. Uvimbe unapoondolewa ungali mwembamba, kabla tezi haijaguswa, matumaini ya kupona huwa makubwa.