Kupooza kwa neva ya radiali

Kupooza kwa neva ya radiali ni hali ambapo neva inayoendesha misuli ya kunyosha kifundo cha mkono na vidole inashindwa kufanya kazi. Neva hiyo hupita kwapani na kuzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, karibu sana na mfupa wenyewe.

Sababu
- Kuvunjika kwa mfupa huo.
- Usingizi mzito, hasa wa ulevi, mkono ukiwa umeegemea mgongo wa kiti.
- Magongo yanayobana kwapa.
- Jeraha la kisu au sindano iliyochomwa pasipofaa.

Dalili
Kiganja huning'inia bila kuweza kuinuliwa. Mgongo wa kiganja, upande wa kidole gumba, hufa ganzi.

Matibabu
Neva iliyobanwa tu kwa kawaida hupona yenyewe baada ya majuma au miezi michache. Wakati huo kifundo hufungwa gango, na vidole hunyoshwa kila siku visikakamae. Nyuzi zilizokatika huota takriban milimita 1 kwa siku. Hivyo sentimita 12 huchukua takriban miezi 4. Neva iliyokatwa kabisa huhitaji kushonwa mapema kwa upasuaji.