Posho, Matanga na Shaba: Kambi ya Lubumbashi

Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la kampuni ya Union Minière likaanza kutoa shaba. Wabelgiji waliuita mji huo Élisabethville. Leo ni Lubumbashi. Wazungu walijipangia mitaa yao, wakaacha ukanda mtupu, ndipo zikafuata nyumba za Waafrika. Pembeni, karibu na dohani refu la kiwanda na kilima cheusi cha mabaki ya tanuru, palikuwa na kambi ya wafanyakazi. Hapo ndipo desturi za mji huu zilipopikwa.

Mwanzoni walikuja wanaume peke yao, kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, baadaye Ruanda-Urundi. Wengi walikufa kwa maradhi, wengi walitoroka. Kuanzia mwaka 1928 kampuni ikabadili njia: mwanamume mwenye mke hukaa, na watoto wake ndio wafanyakazi wa kesho. Basi kaya nzima ikapewa posho, yaani unga, nyama, samaki, maharage, mafuta na chumvi, kwa kadiri ya mke na watoto. Akina mama wakafundishwa kushona na kulea kwa namna ya Kizungu, na watoto wakasomeshwa na mapadri Wabenedikto. Wazee wa kambi walikuwa wakisema kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama.

Baba huyo alikuwa na mkono mzito. Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma kudai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi na askari katika uwanja wa mpira. Waliokufa walikuwa makumi. Kila asifuye mpangilio wa kambi ile aikumbuke siku hiyo.

Kampuni iligawa unga, lakini haikuweza kugawa ndugu. Mluba alijikuta amepakana na Mbemba, na wajomba wako mbali mno. Akifiwa, majirani ndio waliokaa matanga, wakachanga, wakapika bukari (ugali) na sombe (kisamvu). Watu waliunda vikundi vya ngoma vyenye vyeo vilivyoigwa kwa Wazungu, na vikundi hivyo hivyo vilizika na kusaidia wagonjwa. Walielewana kwa Kiswahili chao, na kwa Kiswahili hicho hicho André Yav, kwa niaba ya wenzake waliokuwa watumishi wa nyumbani, akaandika historia ya mji mwaka 1965. Naiheshimu kazi hiyo kuliko vitabu vingi vya wataalamu, kwa kuwa inauona mji kutoka jikoni kwa bwana.

Baada ya uhuru serikali iliitwaa kampuni, ikawa Gécamines. Miaka ya tisini uzalishaji uliporomoka na mishahara ikakauka. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari, ingawa hiari ya mtu ambaye hajalipwa kwa miezi ni ndogo sana. Hata kabla ya hapo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa amewaita wafanyakazi wa kampuni watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Aliyeishika nyumba ni mama. Akalima viungani, akauza unga, mkaa na samaki sokoni, akalipa karo. Zamani posho ilitoka kwa jina la mume na sauti ya mwisho ilikuwa yake. Mama anayeleta chakula leo haulizi tena ruhusa ya kutumia fedha yake, na mabinti zake wanakua wakiona hivyo.