Tambi za Waitalia na Shibe ya Marekani
Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nionavyo mimi, methali hii haiwafai Waitalia waliohamia Marekani.

Kati ya 1880 na 1924, Waitalia wapatao milioni nne walivuka bahari kwenda huko, wengi wao wakiwa maskini wa kusini. Kwao nyama ilikuwa kitoweo cha sikukuu. Marekani waliikuta kwa bei waliyoimudu, na tambi zikafunikwa kwa vitonge vikubwa vya nyama na mchuzi tele wa nyanya. Nchini Italia, kwa kawaida tambi huliwa kwanza, zikiwa na mchuzi wa kiasi; nyama hufuata katika sahani yake. Hata tambi za Alfredo, zilizoanzia Roma kwa siagi na jibini, Marekani ziliongezewa krimu ya maziwa.

Vyakula hivyo si ghushi; ni zao la shibe mpya. Hata hivyo, mwalimu anayefunza utamaduni wa Italia kwa sahani ya Marekani huwapotosha wanafunzi, kwani huwaficha njaa iliyowahamisha watu hao na ujira uliobadilisha chungu chao.