Roboti laini inajuaje imejikunja vipi?

Mkono wa roboti unaounganisha magari kiwandani mara nyingi una viungo sita. Kila kiungo kina kihisi kinachosoma pembe, basi. Ipe kompyuta pembe hizo sita na urefu wa vipande vya chuma, itakokotoa mkono wote umekaaje.

Sasa chukua mpira wa kumwagilia bustani. Kiungo chake kiko wapi? Unapinda popote, unajisokota, hata kurefuka kidogo ukiuvuta. Roboti laini za silikoni, zile zinazoiga mkonga wa tembo au mkono wa pweza, ziko hivyo hivyo. Roboti ikiwa mezani, kamera itakuonyesha imekaaje. Ikiwa ndani ya mwili wa mgonjwa, je?

Hapo vihisi inabidi vikae ndani ya roboti yenyewe. Na ujue kwamba hivi vihisi vya ndani havipimi umbo. Kila kimoja kinapima badiliko dogo la mahali kilipo, yaani kuvutika, kubanwa au kupinda. Umbo linakuja baadaye, kwa hesabu.

Njia mojawapo ni kuacha mfereji mwembamba ndani ya silikoni na kuujaza metali iliyo kimiminika. Si zebaki, usiogope. Unaopendwa sana ni mchanganyiko wa galiamu 75% na indiamu 25% kwa uzito, unaoyeyuka kwenye nyuzijoto kama 15.5. Ukivuta silikoni, mfereji unarefuka na kuwa mwembamba zaidi, ukinzani wa umeme unapanda. Shida ni kwamba ukiibonyeza kwa kidole, ukinzani unapanda vilevile, na kihisi hakijui kutofautisha.

Kwa vifaa virefu vyembamba, mimi napigia kura uzi wa kioo, ndugu wa ule unaokuletea intaneti. Ndani yake huwekwa alama nyingi zilizopangwa karibu karibu, ambazo kwa pamoja hurudisha mwanga wa urefu mmoja tu wa wimbi. Uzi ukivutwa, alama zinaachana na wimbi linalorudi linakuwa refu zaidi. Uzi mmoja unaweza kuwa na njia kadhaa za mwanga. Ukipinda, njia iliyo upande wa nje wa kona inavutika, ya ndani inabanwa, na tofauti yao inakwambia umepinda kiasi gani na kuelekea wapi. Joto nalo hubadilisha wimbi, ila linazigusa njia zote karibu sawa, kwa hiyo ukitoa moja kwa nyingine linajifuta. Raha tupu.

Kisha kompyuta inaanzia kwenye shina, inapiga hatua ndogo, inageuka kidogo, inapiga nyingine, kama mtu anayetembea gizani akihesabu hatua. Ndiyo maana kosa la mwanzoni ni ghali. Kosea digrii 1 kwenye shina la roboti ya mita 1, ncha itahama kama milimita 17. Kosea digrii hiyo hiyo sentimita 10 kutoka kwenye ncha, itahama chini ya milimita 2.

Milimita hizo si za kuchezea. Mfumo wa Ion wa kampuni ya Intuitive, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2019, hutumia uzi wa namna hii ndani ya mrija wa milimita 3.5 unaopita kwenye njia za hewa hadi kwenye uvimbe ndani ya pafu, ili daktari achukue kipande cha kupima. Uvimbe unaweza kuwa na upana wa sentimita 1 tu. Sindano ikipita pembeni itachukua nyama nzima, majibu yatasema hakuna saratani, na mgonjwa atarudi nyumbani nayo.

Uso mpana ni kazi nyingine kabisa. Jaribu kufunika chungwa kwa karatasi bila mikunjo. Haiwezekani, na hesabu za Carl Friedrich Gauss za mwaka 1827 zinaeleza kwa nini. Kwa hiyo shuka la vihisi lisilovutika litazunguka bomba vizuri, lakini si tumbo linalopumua. Lazima linyumbuke, na likinyumbuka linachanganya kuvutika na kupinda. Dawa ni tabaka mbili, moja juu na moja chini. Shuka likivutwa, zote zinarefuka. Likipindwa, moja inarefuka na nyingine inafupika. Lakini kila tabaka inataka nyaya zake, na silikoni hupenda kuchanika palepale inapokutana na waya.