Bibi Harusi Asiye na Jina: Picha za Kale za Kunduchi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye karatasi: namna ya kuitoa picha ya zamani kwenye fremu bila kuichana, na kwa nini hewa ya chumvi ya Kunduchi huila picha upesi kuliko hewa ya Iringa. Leo tuwageukie waliomo ndani yake. Historia ya mwambao huu, kuanzia Mtongani hadi Mbweni, kwa sehemu kubwa imehifadhiwa majumbani, kwenye masanduku na kwenye bahasha za kaki zilizofungwa kwa uzi. Ukiifungua bahasha moja utamkuta bibi harusi aliyeinamisha macho, bwana harusi mwenye joho na kilemba, na wazee watatu waliosimama nyuma ya kiti kama waliotumwa kukilinda. Geuza picha: hakuna hata neno moja.

Zote hizi tumezoea kuziita picha zisizojulikana na kuzitia kapu moja. Naona tunakosea. Zimepoteza majina kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo, na asiyezitenganisha atapoteza muda mwingi akitafuta pasipo kitu.

Aina ya kwanza ni picha ambazo jina halikuulizwa tangu siku ilipopigwa. Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 Unguja ilikuwa na studio za wapiga picha wenye asili ya Goa, akina Gomes, Pereira de Lord na ndugu Coutinho. Watu wenye uwezo walikwenda kupigwa picha kwa fedha zao, lakini sehemu kubwa ya biashara ilikuwa kadi za posta za kuwauzia wageni waliopita na meli. Huku bara, Mjerumani Walther Dobbertin alikuwa na studio Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na picha zake nyingi leo zimo katika nyaraka za taifa za Ujerumani mjini Koblenz. Soma maelezo yanayoandamana na picha za namna hiyo: mwanamke wa Kiswahili, askari, boi, wapagazi. Mwuzaji alikuwa akiuza aina za watu, na jina la mtu mmoja lingemharibia bidhaa.

Mwanahistoria wa sanaa Prita Meier, katika kitabu chake cha mwaka 2024 kuhusu picha katika pwani ya Waswahili, anatukumbusha kwamba miongoni mwa wanawake wa kwenye kadi hizo walikuwamo watumwa na wengine ambao hawakuwa na uwezo wa kukataa. Hata nguo na vito walivyovaa huenda vilikuwa vya mtu mwingine. Basi msomaji ukiikuta kadi kama hiyo ndani ya sanduku la nyanya yako, usikimbilie kusema ndiye yeye alipokuwa kigori. Kadi ilinunuliwa dukani, na nakala zake huenda ziko Hamburg na Bombay. Mkusanyiko wa Winterton, ambao Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago kilijipatia mwaka 2002, una zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960. Pitia mikusanyiko ya namna hiyo mtandaoni kabla ya kuanza kumsumbua mjomba.

Aina ya pili ndiyo inayonishughulisha leo. Hii ni picha ambayo jina halikuandikwa kwa kuwa kila aliyeishi nyumba ile alilijua. Nani aandike "mama" nyuma ya picha ya mama yake? Ilitundikwa ukutani, watoto wakakua wakiitazama, wageni wakaelezwa kwa mdomo. Kisha aliyekuwa akieleza akafariki, nyumba ikauzwa, ghorofa likasimama mahali pa mnazi, na picha ikaingia bahasha. Hapa jina lipo bado kwa mtu fulani aliye hai, pengine Kunduchi Pwani kwenyewe, pengine Temeke au Bagamoyo alikoolewa. Kazi ni kumfikia mtu huyo, ukiwa umejiandaa vya kutosha kumwuliza swali la maana.

Kujiandaa kunaanzia nyuma ya picha. Mhuri wa studio hata ukififia huacha herufi, na herufi zina umri. Wajerumani waliuandika mji huu kwa neno moja, Daressalam, kwa hiyo mhuri wa hivyo unakurudisha kwenye enzi yao au karibu nayo. Neno Tanganyika halikuwa jina la nchi kabla ya mwaka 1920, na jina la Tanzania lilipitishwa Oktoba 1964. Studio iliyojitambulisha kuwa ipo Acacia Avenue inazungumza lugha ya kabla ya Uhuru, kwani barabara hiyo baadaye iliitwa Independence, na leo sote tunaijua kwa jina la Samora. Lakini mwenye studio hakutupa mhuri wake siku serikali ilipobadili jina la barabara. Mpe miaka kadhaa ya ubahili.

Baada ya mhuri, nguo. Kanga za mwanzo zenye maandishi zilikuwa na herufi za Kiarabu, na herufi za Kirumi zikashika nafasi baadaye. Kanga yenye nembo ya kiwanda cha Urafiki haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1968, kiwanda kilipofunguliwa pale Ubungo. Ukaya kichwani mwa mwanamke huelekeza nyuma zaidi ya buibui. Mwanzoni mwa mwaka 1969 Dar es Salaam iliingia katika Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Hata hivyo usidhani kila picha yenye wigi ni ya kabla ya hapo, maana marufuku ya barabarani ni jambo moja na pazia la studio ni jambo jingine.

Wenyeji wa Kunduchi wana somo la kukadiria umri wa vitu karibu na nyumba zao. Kwenye magofu yetu, pembeni mwa msikiti wa kale, yapo makaburi ya karne ya 18 na ya 19 yenye nguzo zilizopambwa kwa sahani na bakuli za kaure. Wanaakiolojia huitumia sahani kukadiria umri wa kaburi, ila kwa upande mmoja tu: kaburi haliwezi kuwa kongwe kuliko sahani iliyojengewa ndani yake, lakini laweza kuwa changa kwa miaka mingi, kwa kuwa sahani huenda ilirithiwa ikakaa kabatini vizazi viwili kabla ya kupachikwa. Picha zina kanuni hiyo hiyo. Joho la bwana harusi huenda ni la babu yake. Mkufu wa bibi harusi umeazimwa kwa shangazi na utarudishwa jioni. Na studio zenyewe zilikuwa na koti la kuazima, tai, saa ya mkononi, maua ya plastiki, hata redio ya kuwekwa mezani ili mpigwa picha aonekane mtu wa mjini. Kwa hiyo kitu kilicho kipya kuliko vyote ndani ya picha ndicho cha kutegemea. Vilivyobaki vitazame kwa shaka.

Na mara nyingine picha yenyewe imegeuzwa: negativu ilipinduliwa wakati wa kusafisha, kulia ikawa kushoto. Angalia vifungo vya shati la mwanamume, ambavyo kwa kawaida hushonwa upande wake wa kulia. Nimeona watu wakibishana juu ya nani ni kaka mkubwa kwa sababu ya nani ameketi kulia, na picha imepinduka.

Njia iliyo na faida kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ambayo watu huidharau: acha nyuso, tazama pazia. Studio ilichora au kununua pazia moja la nyuma na kulitumia kwa miaka: minazi na mwezi, ngazi za kasri lisilokuwepo, ziwa na bata maji. Chini yake kuna zulia lile lile au sakafu ya vigae ile ile, na kiti chenye mguu uliochongoka kwa namna yake. Tandika picha zote za mtaa mezani uzipange kwa mapazia. Ghafla bibi harusi asiyejulikana anajikuta kundi moja na picha kumi za jirani, na mbili kati yake zina tarehe kwa mkono wa mtu. Sasa unajua studio, na unajua takriban miaka. Hivi ndivyo mtu anavyoweza kuitambua kazi ya Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, au ya Parekh wa Mombasa, hata pale mhuri ulipokatwa ili picha itoshee fremu. Jambo hili haliwezekani kwa familia moja peke yake. Linahitaji nyumba nyingi zikubali kuleta bahasha zao mahali pamoja, walau kwa mchana mmoja, na kila moja irudi na zake.

Picha za harusi zina msaada wa ziada, nao ni daftari. Ndoa ya kanisani iliandikwa: majina ya wawili, wazazi, mashahidi, tarehe. Ukiutambua mlango wa Azania Front au wa Mtakatifu Yosefu nyuma ya maharusi, na umekadiria muongo kwa njia nilizozitaja, utafutaji wako unapungua kuwa wa kurasa chache, na idadi ya wasimamizi waliosimama kando huweza kukuthibitishia. Kwa ndoa za Kiislamu, ambazo ndizo nyingi hapa pwani, kazi ni ngumu zaidi kwa zile za kabla ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoweka utaratibu mmoja wa usajili kwa ndoa zote. Tena tarehe ya ndoa na ya picha si lazima zilingane. Wengi hawakumwita mpiga picha nyumbani. Maharusi walipelekwa mjini fungate ikishakwisha, wakavaa upya, wakapigwa.

Sasa twende kwa wazee. Kwa picha ya bibi harusi, anza na wanawake, na kati ya wanawake mtafute aliyekuwa kungwi au somo. Yeye ndiye aliyemfunda mwali, akamtia hina, akamtoa. Atamtambua kwa mkono kabla ya uso, kwa kuwa hina ile ameichora mwenyewe. Mpelekee nakala kubwa, maana macho yamechoka, na umwambie imetoka nyumba ya nani. Ukae, unywe kahawa, usubiri.

Kuna adabu hapa isiyopaswa kurukwa. Picha nyingi za maharusi wa pwani zilipigwa ili zitazamwe ndani, na watu wa ndani. Kichwa hakikufunikwa kwa kuwa mtazamaji alitarajiwa kuwa mama, dada, mume. Kuiweka hadharani kwenye maonyesho, au kuirusha kwenye makundi ya simu ikizunguka mpaka Muscat, ni kumvua mtu kile alichokubaliana na mpiga picha. Bora jina lichelewe mwaka mzima. Onyesha kwanza kwa wanawake wa ukoo, uwaulize kama iruhusiwe kwenda mbele, na ukiambiwa la, liandike jibu hilo pamoja na picha ili atakayekuja baada yako asirudie kuuliza kijeuri.

Kundi la simu lina hatari nyingine. Picha ikitumwa, wa kwanza kujibu akasema "huyu ni Bi. Fulani wa Mtongani", wote watakaofuata watamwona Bi. Fulani. Waulize wazee mmoja mmoja, kila mtu peke yake, na usimtajie aliyemtangulia alisema nini. Wawili wakikutana kwenye jina bila kusikilizana, hapo umepata kitu. Na uandike majina yote: mtu mmoja wa Kunduchi aliitwa jina moja chuoni kwa mwalimu, jingine kazini bandarini, na nyumbani akajulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ukiandika "Mama Salum" pekee, mjukuu wake aliyeko Tabata hatamjua.

Faida ya kutaja majina tumeiona hapa hapa mjini. Mohamed Said, mwandishi wa maisha ya Abdulwahid Sykes, kwa miaka mingi amekuwa akitoa picha za zamani za Dar es Salaam na kusema huyu ni nani na yule ni nani, mtoto wa nani, alikaa mtaa gani. Watu wa Kariakoo na Gerezani waliokuwa sura tupu nyuma ya viongozi wakapata baba, mama na anwani. Kunduchi, mji wa wavuvi na wagonga kokoto, haijapata mtu wa kukaa kitako na kufanya hivyo, na ninaowafahamu wenye uwezo wa kutaja hawapungui umri.

Zitabaki picha ambazo hakuna atakayezitambua. Hizo nazo zipewe maelezo kamili, kwa penseli laini nyuma, pembeni, bila kukandamiza: "Maharusi, pazia la minazi na mwezi, baada ya 1968 kwa sababu ya kanga. Imetoka nyumba moja ya Kunduchi Pwani. Mzee mmoja anadhani bwana alikuwa nahodha, haijathibitishwa." Andika na siku uliyoambiwa. Kisha nakala moja ibaki kwa familia na nyingine, wakiridhia, ipelekwe Nyaraka za Taifa pale Upanga.

Wiki ijayo: negativu zilizoachwa kwenye studio zilizofungwa, na nani ana haki juu yake, mwenye studio au mwenye uso.