Gia Boksi ya Zamani Haihitaji Kuijua Injini

Mafundi wa Marekani wanaofufua magari ya miaka ya 1960 na 1970 wamezoea kung'oa injini ya kabureta na kuweka mahali pake V8 ya Chevrolet ya jamii ya LS, iliyoanza na LS1 kwenye Corvette ya mwaka 1997. Si ajabu. LS1 hiyo ya lita 5.7 ilitoa nguvu za farasi 345, na ndugu zake za lita 4.8, 5.3 na 6.0, zilizofungwa kwenye pikapu kuanzia 1999, zimejaa kwenye yadi za magari chakavu. Mjadala unaanzia nyuma ya injini. Gari tayari lina gia boksi yake ya otomatiki, mara nyingi Turbo-Hydramatic 350 au 400, iliyobuniwa kabla kompyuta haijaingia ndani ya magari. Iachwe au itupwe? Wengi hujibu haraka kwamba injini ya kompyuta inataka gia boksi ya kompyuta. Naona jibu hilo linatafuta tatizo mahali pasipo nalo. Gia boksi ya zamani inaweza kuishi vizuri na injini iliyozaliwa miongo mitatu baada yake, kwa sababu tangu mwanzo haikutegemea kuijua injini. Ilichohitaji ni vipimo sahihi vya chuma, na taarifa mbili: mzigo ni kiasi gani, na gari linakwenda kasi gani. Nyingi zinazokufa baada ya kazi hii huuawa na kipimo kilichopuuzwa siku ya kufunga, si na uzee wala nguvu za injini mpya.

Historia inaunga mkono dai hilo. Mwaka 1949 Lincoln, tawi la Ford, lilianza kununua gia boksi ya Hydra-Matic kutoka General Motors, mshindani wake mkubwa, na kuifunga nyuma ya injini yake lenyewe. Tarehe 12 Agosti 1953 kiwanda cha Hydra-Matic kilichokuwa Livonia, Michigan, kiliteketea kwa moto, na katika miezi iliyofuata General Motors ililazimika kuchanganya gia boksi za chapa zake: Cadillac na Oldsmobile zikatoka na Dynaflow ya Buick, na Pontiac zikatoka na Powerglide ya Chevrolet. Turbo-Hydramatic 400, iliyoingia sokoni na Cadillac na Buick za 1964, ilisafiri mbali zaidi. Rolls-Royce waliifunga kwenye Silver Shadow, Ferrari wakaichagua mwaka 1976 kwa ajili ya Ferrari 400 yenye silinda 12 na lita 4.8, na mwaka uliofuata Jaguar wakaiweka nyuma ya V12 yao ya lita 5.3. Hizo ni injini zisizofanana kwa umbo, kwa sauti wala kwa mahali zinapotolea nguvu zake, na kiini cha gia boksi ni kilekile.

Sababu iko ndani yake, ambako oili ndiyo inayoamua gia ibadilishwe lini. Kwenye mhimili unaotoka kwenda magurudumuni kuna gavana, vizito vidogo vinavyotanuka kadiri gari linavyoongeza kasi na kupandisha presha ya oili upande mmoja wa vali ya kubadilishia gia. Upande wa pili inasukuma presha inayosimamiwa na modyuleta, kopo dogo la bati lenye springi na kiwambo cha mpira, lililounganishwa kwa paipu na manifoldi ya hewa. Dereva akiachia mafuta, mnyonyo wa hewa ndani ya manifoldi huwa mkali na kukivuta kiwambo. Presha inashuka, na gia zinapanda mapema, kwa ulaini. Akikanyaga hadi mwisho, mnyonyo unakaribia sifuri na springi inashinda. Presha inapanda, klachi zinabanwa kwa nguvu, gia inachelewa kupanda. Hakuna hatua hata moja katika mfuatano huo inayouliza kama petroli imepita kwenye kabureta au kwenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta. LS ina vali ya kukaba hewa na ina manifoldi, kwa hiyo ina mnyonyo uleule. Paipu moja nyembamba, ikiunganishwa nyuma ya vali hiyo ambako mnyonyo haukatiki, inamaliza kazi.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwenye dizeli. Injini za dizeli za enzi hizo hazikuwa na vali ya kukaba hewa, hivyo manifoldi zake hazikuwa na mnyonyo wa maana. Hata hivyo General Motors walifunga Turbo-Hydramatic 400 nyuma ya dizeli ya lita 6.2 kwenye pikapu zao za miaka ya 1980: waliweka pampu ya mnyonyo, na juu ya pampu ya dizeli vali inayopunguza mnyonyo huo kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Mercedes-Benz walitumia mbinu ya aina hiyo kwenye 300D ya W123, gari linalofahamika vizuri barabarani Afrika Mashariki. Kama taarifa ya mzigo inaweza kutengenezwa kwa injini isiyokuwa nayo kabisa, kuichukua kwenye injini inayoitoa yenyewe si muujiza. Panapohitaji uangalifu ni kwenye injini iliyobadilishwa: kemushafti ya mashindano hupunguza mnyonyo hata gari likiwa limesimama, na gia zitaingia kwa kishindo, turbo nayo husukuma hewa kwenye paipu iliyotakiwa kunyonya, ndiyo maana huwekwa vali isiyorudisha hewa nyuma.

Basi kwa nini gia boksi nyingi zinaharibika baada ya ndoa hii? Hapa kuna mtego, na unawanasa hata mafundi wazuri kwa sababu unaanza na habari njema. Matundu ya bolti yanayounganisha gia boksi na V8 za Chevrolet yalipangwa kwa injini ya 1955, na waliobuni LS waliyabakiza karibu yote. Lipo moja tu la zamani lisilokuwepo upande wa injini. Gia boksi inakaa, bolti zinaingia, kila kitu kinaonekana kimekubali. Lakini kichwa cha nyuma cha krenkishafti ya LS nyingi, pale inapofungwa sahani ya flaiwili, kimezama kwenye bloku kiasi cha milimita 10 zaidi ya injini za zamani. Konveta ya zamani, kiungo cha oili kinachopeleka mzunguko wa injini kwenye gia boksi, haifiki. Kitovu chake kifupi cha mbele, kinachotakiwa kuingia kwenye tundu la krenkishafti ili konveta ikae katikati, kinabaki kinaning'inia hewani.

Kuna wanaotibu pengo hilo kwa kuivuta konveta mbele kwa bolti zake tatu. Madhara yake yanafuata mkondo unaotabirika. Konveta isiyoshikwa katikati huyumba, na sahani ya flaiwili, iliyotengenezwa iwe nyembamba ili ikunjike kidogo tu, hupata ufa kuzunguka bolti za krenkishafti. Nyuma, shingo ya konveta inayozungusha pampu ya oili imevutwa mbele, ikabaki imeshika gia ya pampu kwa ncha tu. Siku moja chuma kinameguka, presha inapotea, na klachi zinaungua. Mwenye gari ataambiwa gia boksi ilikuwa kuukuu. Dawa ni spesa ya milimita 10 kwenye krenkishafti, sahani ya flaiwili iliyonyooka badala ya ile yenye mbonyeo, na bolti ndefu zaidi zenye uzi wa milimita, kwani za zamani zilikuwa za inchi na unene unakaribiana kiasi cha kumdanganya mwenye haraka. Injini na gia boksi zikishakazwa pamoja, kabla bolti za konveta hazijaguswa, konveta izunguke kwa mkono bila kukwama, na iwe na nafasi ya milimita 2 hadi 5 ya kuteleza mbele ili ikutane na sahani. Ikikwama, haijaingia yote kwenye pampu. Nafasi ikizidi, shingo haitashika vya kutosha. Ukaguzi huu ni wa dakika chache, na sijui kazi nyingine ndogo kuliko hii inayookoa gharama kubwa namna hiyo.

Konveta yenyewe inastahili hesabu. Nguvu ya kuzungusha ambayo konveta inaweza kuibeba huongezeka kwa mraba wa kasi ya mzunguko, na kwa kipenyo kilichopandishwa hadi kipeo cha tano. Punguza kipenyo kutoka sentimita 30 hadi 25 bila kubadili umbo, na kwa kasi ileile konveta itabeba asilimia 40 tu ya mzigo wa kwanza. Injini italazimika kuzunguka haraka zaidi kabla gari halijashikwa sawasawa. LS1 ilifikia kilele cha nguvu yake ya kuzungusha kwenye mizunguko 4,400 kwa dakika, juu kuliko V8 nyingi za kawaida za miaka ya 1960. Konveta pana ya zamani huibana mapema, na gari lenye injini bora likaondoka kwa uzito. Ndogo kupita kiasi nayo huteleza muda wote, na kila nguvu inayopotea kwa kuteleza inageuka joto ndani ya oili. Gavana pia hurekebishwa: kwa vizito vyepesi zaidi gia hupanda kwa kuchelewa, inavyofaa injini inayofikia upeo wa nguvu kwenye mizunguko 5,600.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linahusu safari ndefu. Turbo-Hydramatic 350 na 400 zina gia tatu, na ya mwisho ni moja kwa moja. Kwa tairi la kipenyo cha sentimita 66 na difu ya 3.08, mwendo wa kilomita 110 kwa saa unadai takriban mizunguko 2,700 kwa dakika, ukiacha kuteleza kwa konveta. Gia ya nne ya 0.70 ingeishusha hadi 1,900, na tofauti hiyo inasikika masikioni na kwenye tangi la mafuta. Kwa difu ya 3.73 mizunguko inafika 3,300. Kwa gari la kusafiri mkoa hadi mkoa nakubali kwamba gia tatu ni hasara. Wapo wanaokimbilia 700R4 ya 1982, yenye gia nne na isiyohitaji kompyuta, lakini hiyo hupokea taarifa ya mzigo kwa kebo inayovutwa na vali ya hewa. Mkono wa vali hiyo kwenye LS ukiivuta kebo kwa kipimo kisicho chake, presha inakuwa ndogo na klachi zinaungua mapema. Ni gia boksi nzuri, ila haisamehe kama modyuleta inavyosamehe.

Na kompyuta ya injini je, haitalalamika? Italalamika, na hiyo ndiyo sehemu inayopaswa kufundishwa upya. Programu yake hubadilishwa ili isitafute tena gia boksi ya umeme. Kushusha gia ghafla kwa ajili ya kupita gari jingine, kwenye 400, kunahitaji umeme wa volti 12 kutoka kwenye swichi iliyo kwenye pedeli. Kwenye 350 kunahitaji kebo iliyopimwa vizuri. Anayeona afadhali kuhamia gia sita au nane ahesabu pia kwamba mara nyingi sakafu itakatwa, propela shafti itabadilishwa, na spidomita ya kebo haitakuwa na pa kushika.

Hapo ndipo wapenda asili wanapaswa kusikilizwa, maana wana haki yao. Corvette ya 1967 ambayo bado ina injini yake iliyotoka nayo kiwandani isiguswe. Gari la namna hiyo ni hati ya historia. Ila Chevelle ya 1970 iliyokwisha kubadilishiwa injini mara kadhaa ni jambo jingine. Ikipewa LS huku gia boksi yake ikibaki, sakafu inabaki nzima, propela shafti na kebo ya spidomita zinabaki zilivyokuwa, na spesa hutoka na bolti zake sita siku mwenye gari atakapopata V8 ya asili ya kuirudisha.